Entebbe hadi Guangzhou: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tiketi

Mfanyabiashara wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla jijini Kampala, anayejiandaa kwenda Guangzhou kununua bidhaa huuliza kwanza ndege inachukua saa ngapi, na ramani peke yake haiwezi kumjibu. Kwa mstari mfupi kabisa, kutoka Entebbe hadi Guangzhou ni kama kilomita 9,100. Anayebadilisha ndege Addis Ababa huongeza takriban kilomita 200 tu, na anayepitia Dubai karibu 500, umbali ambao ndege iendayo kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa huumaliza kwa muda mfupi. Kinachorefusha safari ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo muda huo ukaguliwe kabla ya kulipa. Binafsi nisingechukua tiketi yenye pengo la chini ya saa mbili, hata ikiwa nafuu.

Kusoma saa za tiketi ndiko kunakohitaji utulivu zaidi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali ndege ilipo, na China yote hufuata saa moja, inayotangulia ya Uganda kwa saa tano. Tuseme tiketi inaonyesha kuondoka Entebbe 17:00, yaani saa kumi na moja jioni, na kufika Guangzhou 15:00 siku inayofuata. Kwa macho ni saa 22. Ukiondoa tano zinabaki 17, ambazo ni kama saa mbili hadi Addis Ababa, tano za kusubiri, na kumi za angani. Wakati wa kurudi saa hizo tano huongezwa, na upepo wa juu uvumao kutoka magharibi huweza kuichelewesha ndege kidogo.

Safari za baada ya saa sita usiku zina hatari yake. Ndugu yangu mmoja alikuwa na tiketi ya Jumanne, 00:40, akafunga mizigo Jumanne mchana akidhani ataondoka usiku ule, kumbe ndege ilikwisha kuondoka usiku uliotangulia, ambao sisi kwa kawaida tunauita usiku wa Jumatatu. Tangu hapo kila tiketi ya nyumbani kwetu huandikwa upya kwa kalamu, kwa saa zetu na kwa jina la siku ya kutoka mlangoni.

Kutoka Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40 hivi, lakini foleni ya jioni haihesabu kilomita, kwa hiyo ni vyema kuwa uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita, viza iwe tayari, na chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, kwa kuwa cheti chake huanza kutambulika siku 10 baadaye. Betri ya akiba ya simu ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwekwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege.