Ryu kwa anayeanza Street Fighter 6: jifunze kutungua kabla ya kombo

Wengi wanaoanza na Ryu, mpiganaji katika gemu ya mapigano ya Street Fighter 6, huanzia mwisho. Wanafungua mazoezi, wanakariri kombo, yaani mfululizo unaoungana, ya mapigo kumi, kisha wanaingia kwenye mechi na kukutana na mtu asiyejua chochote ila kuruka na kupiga teke. Anaruka, anapiga, anaruka tena. Ile kombo haipati hata nafasi ya kuanza.

Ryu yupo tangu Street Fighter ya kwanza ya mwaka 1987, na kiini chake hakijabadilika: Hadoken, mpira wa nguvu unaorushwa kwa mikono, humlazimisha mpinzani aruke; Shoryuken, ngumi ya kupaa juu, humtungua akiwa hewani. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, kila Hadoken unayorusha ni mwaliko wa kupigwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na Shoryuken.

Kwanza vitufe. Katika mfumo wa Classic kuna vitufe sita: ngumi nyepesi, ya kati na nzito, na mateke vivyo hivyo. Kwenye pedi ya PlayStation, kabla hujabadilisha mpangilio, ngumi ziko mraba, pembetatu na R1. Mateke yako X, duara na R2. Mfumo wa Modern hukupa mapigo maalumu kwa kitufe kimoja na mwelekeo, lakini pigo linalotoka kwa njia hiyo ya mkato hupoteza asilimia 20 ya nguvu, na baadhi ya mapigo ya kawaida hayamo kabisa. Kama lengo lako ni kucheza na marafiki wikendi, Modern inatosha na si jambo la aibu. Kama unamtaka Ryu wa kudumu naye, vumilia Classic. Maelezo yanayofuata ni ya Classic, na "mbele" maana yake ni upande aliko mpinzani.

Shoryuken ni mbele, chini, mshazari wa chini-mbele, kisha ngumi. Fungua chumba cha mazoezi, washa orodha inayoonyesha vitufe ulivyobonyeza, na uisome kila pigo linapokataa. Makosa yake ni matatu tu. Ikitoka Hadoken badala ya Shoryuken, ile "mbele" ya mwanzo haikusomwa. Uliteleza ukaanzia chini. Ikitoka ngumi ya kawaida, ulibonyeza kabla kidole hakijafika kwenye mshazari. Kosa la tatu ni la upande wa pili: unataka Hadoken, inatoka Shoryuken. Hili huwapata wanaotembea mbele, kwa sababu gemu imekwisha kuisoma ile mbele ya kutembea, na ukiongeza chini na mshazari umekamilisha Shoryuken bila kujua. Dawa yake ni kuachia mwelekeo kidogo kabla ya kuanza Hadoken, ambayo ni chini, mshazari, mbele, ngumi.

Fanya kila pigo mara 10 ukiwa kushoto, kisha mara 10 ukiwa kulia. Upande wa kulia utakusumbua zaidi, hasa kwa anayetumia dole gumba kwenye pedi. Usihesabu zilizotoka kwa bahati. Saba safi kati ya kumi kila upande zinatosha kukuvusha hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni kutungua. Mrekodi mwanasesere wa mazoezi akiruka mbele na teke zito. Rekodi nafasi ya pili akitembea mbele na nyuma tu, na ya tatu akiwa amesimama. Ziache zote tatu zicheze kwa nasibu, wewe usimame umbali wa kurukiwa. Kazi yako ni kumpiga anaporuka na kutofanya lolote asiporuka. Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Ukipiga Shoryuken kwa kubahatisha na yeye yuko chini amezuia, unabaki hewani huku yeye akichagua adhabu. Hasara ni zaidi ya fremu (picha moja moja za gemu) 20, na gemu hii huenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Huo ni muda wa kutosha kukupiga pigo lake zito kuliko yote.

Ukimwona mapema, tumia chini na ngumi nzito: ni kitufe kimoja, hakuna mzunguko wa kukosea. Ukichelewa kumwona, Shoryuken ya ngumi nyepesi ndiyo mkombozi, kwa kuwa hutoka katika fremu 5. Akiruka hadi akapita juu ya kichwa chako, usihangaike. Mwelekeo umegeuka, na Shoryuken yako ama itakataa kutoka au itaelekea pasipo mtu. Zuia kwa upande mpya basi.

Sasa Hadoken ina maana. Swali ni umbali, na umbali unapimika. Sakafu ya ukumbi wa mazoezi ina mistari ya miraba. Mwache mwanasesere aruke mbele na teke, wewe rusha Hadoken wakati ule ule anaporuka. Teke likikufikia, rudi nyuma mraba mmoja ujaribu tena, mpaka aanguke mbele yako badala ya kichwani. Hapo ndipo mpaka wako. Ndani ya mpaka huo Hadoken ni kamari. Nje yake ni kazi ya kawaida.

Kasi nazo zitumie. Ngumi nyepesi hutoa Hadoken ya polepole, nzito hutoa ya haraka. Ile ya polepole ina faida moja wanayoisahau wengi: unaweza kutembea nyuma yake, nayo ikawa ngao yako huku unasogea. Usirushe kwa mdundo mmoja kama mtu anayetwanga kinu, maana mpinzani ataruka kwenye pigo la tatu akiwa na uhakika. Rusha mbili, ya tatu usirushe, simama umngoje. Akiruka, umemnasa.

Wengine hawaruki. Wanashikilia Drive Parry, kinga inayomeza mapigo, yaani ngumi ya kati na teke la kati kwa pamoja, na kila Hadoken wanayoipokea inawajazia geji ya Drive, akiba nitakayoieleza chini. Kwa mtu huyo tembea mbele umkamate: ngumi nyepesi na teke jepesi kwa pamoja. Kumkamata mtu aliyeshikilia Parry humuumiza zaidi ya kumkamata kwa kawaida, na baada ya mara mbili ataiachia.

Kombo, basi. Tatu zinatosha kwa mwezi wa kwanza.

Chini na teke la kati, kisha Hadoken kabla teke halijarudi. Hili ndilo pigo lako la kila siku unapokuwa mbali kidogo. Kosa lake la kawaida ni kusubiri uone kama teke limempata ndipo uanze mzunguko, muda umeshapita. Anza kuzungusha mara tu unapobonyeza teke. Ila ujue kwamba mjanja akishalizoea atakuchomekea Drive Impact, pigo zito linalomeza mapigo yako, katikati, kwa hiyo mara nyingine piga teke tu uishie hapo.

Chini na ngumi nyepesi mara mbili, kisha Shoryuken ya ngumi nyepesi: hii ni ya karibu, pale mpinzani anapofanya pigo dogo la kizembe ukalizuia.

Ngumi nzito ukiwa umesimama, kisha Shoryuken ya ngumi nzito. Itunze kwa makosa makubwa, kama vile yeye kupiga Shoryuken yake mbele ya uso wako ikazuiwa. Kuna pia mfululizo rahisi wa ngumi ya kati, teke jepesi, teke zito. Ukiona ngumi ya kwanza imezuiwa, usiendelee.

Geji ya Drive ina vipande sita na hujazwa upya kila raundi. Matumizi yake yanaua wanaoanza kuliko mpinzani mwenyewe. Pigo maalumu lililoongezwa nguvu, yaani Overdrive, ambalo hutoka ukibonyeza ngumi mbili au mateke mawili pamoja, hula vipande viwili. Drive Impact, ngumi nzito na teke zito, hula kimoja. Kukatiza pigo kwa Drive Rush, yaani mchomoko wa ghafla wa kwenda mbele, hula vitatu, kwa hiyo iache kwanza. Vikiisha vyote unaingia Burnout: mapigo maalumu yanakula uhai hata ukizuia, huna Parry wala Overdrive, na ukizuia Drive Impact umeegemea ukuta unabaki umezubaa kama mlevi.

Drive Impact ya mpinzani humeza mapigo yako mawili bila kusimama, lakini inachukua fremu 26 kufika. Hiyo ni karibu nusu sekunde, muda wa kuijibu kwa Drive Impact yako. Ya pili ndiyo hushinda. Mrekodi mwanasesere akiifanya kwa nasibu huku wewe unarusha Hadoken na mateke, ujifunze kuacha ulichokuwa unafanya.

Geji ya Super, ile inayolipia mapigo makubwa kuliko yote, haipotei raundi ikiisha, kwa hiyo usiione kama mzigo wa kumaliza haraka. Shinku Hadoken, ambayo ni mzunguko wa Hadoken mara mbili na ngumi, hula kiwango kimoja. Shin Shoryuken, mzunguko huo huo mara mbili kwa teke, hula vitatu na ndiyo ya kufungia mechi. Denjin Charge, chini mara mbili na ngumi, huipa nguvu Hadoken yako inayofuata. Ifanye mpinzani akiwa amelala chini, si amesimama mbele yako.

Ukiangushwa wewe, utashawishika kuamka na Shoryuken ya Overdrive kwa kuwa haipigiki inapotoka. Mara ya kwanza itafaulu. Mara ya pili atazuia, nawe utapoteza vipande viwili na robo ya uhai. Zuia ukiwa umechuchumaa, na akikukaribia kukukamata bonyeza ngumi nyepesi na teke jepesi kujinasua.

Unapoingia mtandaoni tumia waya, siyo Wi-Fi. Gemu humwonyesha mpinzani unatumia kipi, na wengi wanakataa mechi za Wi-Fi. Gemu yenyewe inahitaji takriban GB 60 kwenye kompyuta, hivyo panga bando mapema. Onyesho la bure (demo) lina Ryu na mpiganaji mwingine, Luke, na linatosha kwa mazoezi ya vidole kabla hujalipa. Katika mechi 20 za mwanzo usihesabu ushindi. Hesabu mara ngapi mpinzani aliruka na mara ngapi ulimtungua. Ikiwa chini ya nusu, rudi kwa mwanasesere.