Wakufunzi Wasikilize Notisi Zao Wenyewe

Nafundisha TEHAMA katika chuo cha ualimu, na kila muhula nawanoa wakufunzi wenzangu ili notisi wanazowatumia wanachuo zisomeke hata na asiyeona. Miaka ya mwanzo nilifungua na sheria na haki za watu wenye ulemavu. Wote walikubali, ila notisi zikabaki vilevile. Siku hizi naanza na kanga.

Mwambie kila mmoja aje na faili alilotuma darasani mwezi huo, lisiwe la mfano. Siku moja kabla, weka NVDA kwenye kompyuta za maabara. Ni programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Ukiwa nayo kwenye flashi, huhitaji intaneti kuiweka. Upande wa sauti chagua eSpeak NG, kisha Kiswahili, isije ikasoma "ng'ombe" kwa matamshi ya Kiingereza.

Funika skrini kwa kanga. Mkufunzi avae hedifoni, afungue faili lake, atafute swali la tatu la zoezi. Dakika kumi. Usimsaidie hata akikuangalia kwa huruma, maana mafunzo yenyewe yako hapa. Mwalimu mmoja wa Baiolojia alikuja na kurasa 40 alizopiga skani kutoka kitabuni. Hakusikia hata sentensi moja: ukurasa uliopigwa skani ni picha, hauna herufi ndani. Akafunua kanga, akauliza, "Sasa yule kijana wangu mwaka mzima alikuwa anasoma nini?" Alikuwa anasomewa na wenzake bwenini, usiku, wakishamaliza ya kwao.

Hapo ndipo uonyeshe dawa. Anza na vichwa vya habari. Wengi hukoleza wino na kukuza herufi, lakini kompyuta haijui kuwa hicho ni kichwa. Katika Word, weka kishale kwenye mstari huo, bonyeza Ctrl, Alt na 1. Vichwa vidogo, 2. Kisha washa NVDA, bonyeza Insert na F7: orodha ya vipengele inafunguka, chagua vichwa (Headings), na msomaji anaruka moja kwa moja hadi anapotaka. Rudieni jaribio la swali la tatu, kanga ikiwa palepale.

Kwenye picha, jaza maelezo mbadala (alt text), yaani maneno ambayo NVDA husoma badala ya picha, na msibanduke hapa haraka. "Mchoro wa moyo" haumfundishi mtu. Andika kile ulichotaka mwanachuo akione: "Moyo wenye vyumba vinne, damu kutoka mapafuni inaingia chumba cha juu kushoto."

Rangi haihitaji maneno mengi: usiandike "jibu ni lile jekundu" bila alama nyingine.

Zile skani, zipandishe Google Drive na kuzifungua kwa Google Docs, zigeuke maandishi. Mwenye somo azipitie neno kwa neno, kwani namba na majina ya kitaalamu hukosewa sana.

Asitoke mtu maabara kabla hajalituma faili lake upya kwa darasa.