Namna ya Kuandika Maisha ya Mpiga Piano wa Jazz kwa Wasomaji wa Tanga

Anayetaka kuwaandikia watu wa Tanga maisha ya mpiga piano wa jazz hukutana na kikwazo kabla hajamaliza aya ya kwanza, kwa sababu hapa neno “jazz” lina wenyewe. Watu wazima wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, wakilisikia hukumbuka Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za dansi zilizosifika kwa magitaa. Nilipomsomea mzee mmoja rasimu yangu, alinikatiza: “Sasa hapo solo anapiga nani?” Kwa hiyo eleza mapema kwamba mpiga piano huyu hufanya kama mpiga solo, yaani mpiga gitaa la kuongoza, aliyeachiwa nafasi: huuchukua wimbo unaojulikana na kuutungia njia mpya papo hapo, mkono wa kushoto ukishikilia mwendo.

Mimi humpendekeza Abdullah Ibrahim, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1934 na kujulikana kwanza kwa jina la Dollar Brand. Usianze na kuzaliwa kwake, ingawa ndivyo tulivyozoeshwa shuleni. Anza na Zurich mwaka 1963. Alikuwa akipiga katika klabu ya huko, mbali na ubaguzi wa rangi wa nchini kwake, wakati mwimbaji Sathima Bea Benjamin, ambaye baadaye alikuwa mkewe, alipomwendea Duke Ellington, kiongozi mashuhuri wa bendi ya jazz kutoka Marekani, na kumshawishi aje kumsikiliza. Ellington alikubali, na baada ya muda mfupi wakawa studio, Paris, wakirekodi. Simulia tukio hilo bila haraka, ndipo urudi utotoni.

Kusilimu kwake mwaka 1968 kunatosha sentensi moja. Ukifika mwaka 1974, tua. Mwaka huo alirekodi Cape Town “Mannenberg”, muziki uliokuja kuwa kama wimbo wa taifa wa waliopinga ubaguzi. Usiandike kwamba alipiga “kwa ustadi mkubwa”, maneno yasiyomsikilizisha msomaji chochote. Andika kwamba nyundo za piano ile, zile zinazogonga nyuzi ndani yake, zilikuwa zimechomekwa pini za chuma, hivyo kila noti ikatoka na mlio mkavu wa bati.

Rasimu ikikamilika, msomee kwa sauti mtu asiyesikiliza ila dansi na taarab, na uweke alama kila anapokukatiza. Niliporudi kwa yule mzee, hakuuliza tena habari ya solo. Alitaka kujua hizo pini zilichomekwa upande gani wa nyundo.