Uyoga wa msituni ugenini: chimba mpaka chini ya shina

Nawahofia zaidi wanaoujua uyoga wa kwao. Asiyejua kitu hupita zake. Anayejua huinama akachuma, na macho aliyokuja nayo ndiyo yanayomponza. Watu wawili walifariki Januari 2012 baada ya kula, huko Canberra, Australia, Amanita phalloides, uyoga wenye sumu ambao ukiwa mchanga hufanana sana na aina moja inayolimwa na kuliwa Asia.

Anza na miti. Uyoga huu hushirikiana na mizizi, hasa ya mialoni. Asili yake ni Ulaya, ila umeshafuata miche ya miti hadi California na Australia, kwa hiyo si lazima uwe porini: mwaloni mmoja kando ya barabara watosha. Ulaya huonekana zaidi kuanzia Agosti hadi Novemba.

Kofia yake hufikia upana wa sentimita 5 hadi 15, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Rangi hiyo usiitegemee, maana mvua huififisha, na kuna wenye kofia nyeupe kabisa. Ugeuze. Vile vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa ni vyeupe na havigusi shina. Juu ya shina mara nyingi kuna pete laini iliyoning'inia kama sketi, ingawa huweza kudondoka.

Alama kubwa imejificha udongoni: kifuko cheupe kinacholizunguka shina, mfano wa ganda la yai lililopasuka. Ukiung'oa au kuukata juu juu, kifuko kinabaki ardhini na ushahidi wako umekwisha. Chimbua kwa kisu, taratibu.

Nyumbani, weka kofia juu ya karatasi, nusu nyeusi nusu nyeupe, uifunike kwa glasi usiku kucha. Kama ndio huu, unga utakaodondoka ni mweupe. Ule wa Asia huacha unga wa rangi ya waridi. Lakini uyoga mwingi unaolika nao una unga mweupe, hivyo kipimo hiki ni cha kukataa tu, si cha kuruhusu.

Sarafu ya fedha sufuriani, kitunguu kubadilika rangi, konokono kuutafuna: yote hayo hayapimi chochote. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha, na waliopona husema ulikuwa mtamu.

Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 hadi 24. Kisha mgonjwa hupata nafuu, hata akadhani yamekwisha, kumbe ini linaendelea kuharibika. Ukishuku umeula, nenda hospitali hata kama hujisikii vibaya. Beba mabaki yote, pamoja na maganda na vipande ulivyotupa, kwenye mfuko wa karatasi, na umwambie daktari saa uliyokula.