Bawa la majini linalozungusha krenki: jinsi ya kuunda mfano mdogo

Niliyekuwa namsaidia kuunda kifaa cha kuvuna nguvu ya mkondo wa maji alikuwa na bawa zuri, krenki (mkono unaozungusha mhimili) nzuri, lakini kifaa kinatikisika tu. Tatizo lilikuwa hatua ya 3, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa.

Hatua ya 1. Pima kasi ya mkondo. Ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo huwa mara nane.

Hatua ya 2. Chonga bawa la umbo la NACA 0015 (umbo sanifu lenye pande mbili zinazolingana, unene asilimia 15 ya upana), upana sm 10 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, mhimili ukipita theluthi moja kutoka mbele.

Hatua ya 3: kupatanisha miendo. Bawa hupanda na kushuka, na pia huinama. Miendo hiyo ipishane robo mzunguko: likifika juu kabisa au chini kabisa, lilale sambamba na mkondo, likipita katikati, liwe limeinama kuliko wakati wote, ukingo wa mbele ukitazama linakokwenda. Zungusha krenki kwa mkono, pakavu, uangalie hayo kabla ya kugusa maji. Ukikosea nusu mzunguko, usihangaike, krenki itazunguka upande wa pili tu. Ukikosea robo, hupati kitu.

Kisha kiasi cha kuinama. Katika mkondo wa mita 0.5 kwa sekunde, krenki yenye mkono wa sm 10 ikizunguka mara 45 kwa dakika, bawa hupita katikati kwa karibu mita 0.47 kwa sekunde, na maji hulikabili kwa pembe ya digrii 43 hivi kutoka mwelekeo wa mkondo. Ukiliinamisha chini ya hapo linageuka mkia wa samaki: linasukuma maji na kula nishati. Mimi huweka digrii 70. Waliozoea mitambo ya upepo huona pembe hiyo ni ya kichaa, lakini kizingia kinachojikunja kwenye ukingo wa mbele huongeza nguvu inayolisukuma bawa juu au chini kwa muda mfupi, na muda mfupi ndio tunaouhitaji.

Kuunganisha kuinama kwa bawa na krenki, tumia mkanda wa meno. Mkanda laini huteleza, na ukiteleza kidogo tu mpangilio wote umeharibika. Mota za sevo (mota za umeme zinazogeuza bawa kwa pembe unayoziamuru) sizipendi kwa kazi hii. Zinaficha kosa huku zikila umeme unaoutafuta. Stingray, mtambo wa kilowati 150 uliojaribiwa Yell Sound, Shetland, mwaka 2002, ulitumia haidroli (nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa), ila huo ni ukubwa mwingine.

Hatua ya 4. Bawa likiwa majini, kaza breki ya krenki polepole mpaka mizunguko ikaribie 45 kwa dakika.

Hatua ya 5. Likiwa juu kabisa au chini kabisa, bawa halitoi nguvu. Funga gurudumu zito, au bora zaidi, bawa la pili lililotangulia robo mzunguko.

Ukilipeleka baharini, acha nafasi ya kuligeuza digrii 180 maji yanapoanza kupwa.