Kofi, paja, kofi, paja: ruwaza kwa mtoto wa chekechea

Mtoto wa miaka minne hana haja ya kulijua neno "ruwaza". Anachotakiwa kugundua ni kwamba kuna kipande kinachojirudia, na akishakijua anaweza kusema nini kinafuata. Nafundisha chekechea, na huwa naanza hivi.

Hatua ya 1: Mwili. Kaeni chini. Piga kofi, paja, kofi, paja, bila maelezo yoyote. Akishaingia kwenye mdundo, nyamaza ghafla baada ya kofi, uone mkono wake unaelekea wapi.

Hatua ya 2: Vifuniko. Tumia vya plastiki, vya chupa za maji au soda. Vya bati vina makali. (Kama kuna mdogo wake anayetambaa, vihesabu kabla na baada.) Panga nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, ndipo uulize: "Haya, kinafuata kipi?"

Wazazi wengi hupanga viwili tu na kuuliza. Baada ya nyekundu na bluu chochote kinaweza kufuata, hata bluu nyingine, na mtoto akijibu hivyo hajakosea. Kipande kijirudie mara tatu kwanza.

Watoto wengine wataendeleza kwa rangi wanayoipenda. Usikimbilie kusahihisha. Usomeni mstari kwa sauti huku mkigusa kila kifuniko. Mara nyingi sikio huwahi kulinasa kosa kabla ya jicho.

Hatua ya 3: Haribu. Afumbe macho, nawe uondoe kifuniko kimoja cha katikati, uache pengo wazi. Kipi kimeibwa? Siku nyingine vibadilishe viwili nafasi, autengeneze mstari.

Hatua ya 4: Hamisha. Panga nyekundu, nyekundu, bluu, mara tatu, kisha mwombe aupige mstari huo kwa mikono: paja, paja, kofi. Akiweza, ameelewa. Akishindwa, pengine alikuwa anakariri rangi tu. Rudini hatua ya 2 bila kumwonyesha kwamba mmerudi.

Hatua ya 5: Nyumbani. Mpe kanga afuate pindo kwa kidole mpaka kwenye kona. Mpe mkeka wa ukindu atafute rangi inapojirudia kwenye ukili, ule mkanda uliosukwa. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini pindo linajirudia na jina la kanga limeandikwa mara moja tu. Nilimwambia akamuulize bibi yake.