Jinsi ya Kufundisha Ukataji na Uungaji wa RNA kwa Rula na Mkasi

Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Mtwara au Lindi anaweza kukariri kwamba katika RNA, yaani nakala ya jeni, introni (vipande vinavyotupwa) huondolewa na eksoni (vipande vinavyobaki) huungwa, akalijibu swali la mtihani vizuri, na bado asielewe ni vipi kosa la herufi moja, tena ndani ya sehemu inayotupwa, linaweza kumwachia mtoto upungufu mkubwa wa damu maisha yake yote. Njia ninayowaeleza walimu wenzangu hapa haihitaji maabara. Inahitaji karatasi za manila, rula, mkasi, gundi na kalamu za rangi mbili, na inatumia jeni halisi, yaani ile ya beta-globini, ambayo huielekeza seli namna ya kutengeneza mojawapo ya aina mbili za minyororo inayounda hemoglobini ya mtu mzima. Nimeichagua kwa sababu wanafunzi wetu wengi wana ndugu au jirani mwenye selimundu, na selimundu hutokana na jeni hiyohiyo.

Kata manila kuwa mikanda myembamba, uiunganishe kwa gundi mpaka upate mkanda mmoja wenye urefu wa milimita 1,606. Kila milimita iwe herufi moja ya RNA kama inavyonakiliwa kutoka kwenye DNA, kabla haijakatwa. Ukianzia kushoto, pima milimita 142 za eksoni ya kwanza, 130 za introni ya kwanza, 223 za eksoni ya pili, 850 za introni ya pili, na 261 za eksoni ya tatu. Introni zipakwe rangi. Darasa likishauona mkanda huo umetandazwa, litagundua lenyewe kwamba milimita 980 zimepakwa rangi, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kilichonakiliwa haitafika kwenye ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini. Hapo ndipo pa kuwaeleza kwamba hadi mwaka 1977 wataalamu walidhani jeni ni maandishi yasiyokatika, mpaka makundi ya Phillip Sharp na Richard Roberts, yakichunguza virusi viitwavyo adenovirusi, yalipoona vipande vya DNA vimejikunja pembeni kwa kukosa mwenza katika RNA. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Sasa andika alama za mipaka. Mwanzoni mwa kila introni weka GU, na mwishoni weka AG. Katika introni ya kwanza, rudi nyuma milimita 37 kutoka mwisho wake, uandike A na kuizungushia duara. Alama hizi ni chache mno kuliko mwanafunzi anavyotarajia, na GU nyingine zimetapakaa kotekote katika mkanda. Kwa hiyo mweleze pia kwamba seli husoma na herufi za jirani, na kwamba kazi ya kutambua mipaka hufanywa na mtambo uitwao splaisosomu, uliojengwa kwa protini na RNA fupi. Sehemu yake iitwayo U1 hushika upande wa GU, U2 hushika ile A, kisha U4, U5 na U6 huingia, na U1 na U4 huachia kabla mkato haujafanyika.

Katika kukata, tafadhali simamia utaratibu kwa ukali, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wanapoharibu. Wengi hukata ncha zote mbili za introni kwa pamoja, kisha huunga. Seli haifanyi hivyo. Kwanza hukatwa upande wa GU peke yake, na ncha hiyo ya introni hukunjwa na kubandikwa kwenye A yenye duara, ikawa kitanzi chenye mkia, mithili ya tanzi la kutegea kanga porini. Baada ya hapo ncha huru ya eksoni ya kwanza huletwa kwenye mpaka wa AG, ikaungwa na eksoni ya pili, na kwa tendo hilohilo kitanzi kikaachiwa. Fanya vivyo hivyo kwa introni ya pili. Mkanda uliobaki upimwe: uwe na milimita 626.

Makosa yafundishwe kwa mikanda mipya, na kwanza lianze la selimundu. Pima milimita 70 kutoka mwanzo wa eksoni ya kwanza, ubadilishe A kuwa U. Kata na unga kama kawaida: urefu ni uleule, mipaka ni ileile, ila kodoni moja, yaani kundi la herufi tatu zinazosomwa pamoja, imebadilika kutoka GAG kuwa GUG. Ukataji haukukosewa hata kidogo.

Kisha chukua mkanda wa pili, na herufi ya kwanza ya introni ya kwanza, ile G ya GU, uifanye A. Mpaka umepotea. Splaisosomu haisimami, hutafuta mpaka unaofanana nao, na katika jeni hii hutumia sehemu tatu: herufi 38 kabla ya mpaka halisi, herufi 16 kabla yake, au herufi 13 baada yake. Waulize wanafunzi wagawanye kila idadi kwa tatu. Hakuna hata moja inayogawanyika, hivyo kodoni zote zinazofuata husomwa vibaya na beta-globini ya kawaida haitengenezwi. Hiyo ni thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu.

Mkanda wa tatu ndio ninaouthamini kuliko yote. Katika herufi ya 110 ya introni ya kwanza, G ibadilishwe kuwa A. Imezaliwa AG mpya, na takribani RNA tisa katika kumi hukatwa hapo badala ya kwenye mpaka wa zamani, zikabaki na herufi 19 za introni. Kodoni ya kusimamisha, ile inayomaliza utengenezaji wa protini, hutokea mapema, na seli huiharibu sehemu kubwa ya RNA hiyo. Kosa hili limeenea sana Saiprasi na nchi nyingine za Mediterania.

Wenye kasi wapewe jeni ya SMN2, inayokaribia kufanana na jeni nyingine iitwayo SMN1. Humo badiliko la C kuwa U ndani ya eksoni ya 7 huifanya splaisosomu iruke eksoni hiyo mara nyingi. Eksoni ina herufi 54, idadi inayogawanyika kwa tatu, lakini kodoni ya kusimamisha ilikuwa humo, na protini inayopatikana huvunjika upesi. Mtoto asiye na SMN1 inayofanya kazi huitegemea SMN2 hiyo, na misuli yake hudhoofika. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hujibandika kwenye introni inayofuata, ikaizuia protini inayoificha eksoni ya 7, na splaisosomu ikaiona tena.